Diski ipo, kerneli haiioni: kupanga draiva za diski unapojenga Linux mwenyewe

Mwalimu wa kompyuta alinipigia saa nne asubuhi. "Fundi, zimewaka, ila zote zinaandika maneno meupe halafu zinaganda." Nikamwambia apige picha kioo cha mojawapo anitumie. Picha ikaja imepinda, kidole kimeziba kona, lakini mstari niliokuwa nautafuta ulisomeka:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Yaani kerneli, kiini cha Linux kinachoongoza vifaa vya mashine, imeshindwa kuifungua diski. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya nimetulia dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, chai iko pembeni. Shule ile ina kompyuta 12 za mezani, za zamani, RAM GB 2, diski za SATA za GB 250, zote zinatumia Debian, mojawapo ya aina za Linux. Nilitaka kuzijengea kerneli moja isiyotegemea initramfs (kifurushi cha msaada, nitakieleza chini): faili moja, nalinakili kwa flashi mashine hadi mashine, kazi imekwisha. Nikaijengea kwenye laptopu yangu, ambayo diski yake ni NVMe, aina nyingine kabisa isiyopita SATA, kwa amri hii:

make localyesconfig

Amri hiyo huangalia moduli (draiva zilizo mafaili ya pembeni) zilizopakiwa wakati huo kwenye mashine uliyoikalia. Zinazotumika inazitia ndani ya kerneli, zisizotumika inazifuta kwenye orodha. Laptopu yangu haina diski ya SATA hata moja. Kwa hiyo nikapeleka shuleni kerneli isiyojua SATA ni mdudu gani.

Mwezi Agosti 1991 Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi kule Helsinki, alipotangaza kwamba anatengeneza mfumo wake, aliandika kuwa huenda usije ukakubali diski nyingine zaidi ya zile za AT, aina ya kompyuta za wakati huo, kwa sababu ndizo pekee alizokuwa nazo. Nilijifariji kwa hilo nikiwa kwenye bodaboda kuelekea shuleni. Yeye lakini alikuwa anajijengea mwenyewe.

Kabla hatujaendelea: kama kerneli iliyokuja na Debian au Ubuntu yako inafanya kazi, iache. Maelezo haya ni ya mwenye sababu ya kujenga yake, au anayetaka tu kujua kilichomo ndani.

Ufunguo uliofungiwa chumbani

Kwenye menyu ya kerneli karibu kila draiva ina hali tatu. Nyota maana yake imo ndani ya kerneli yenyewe. M maana yake ni moduli, faili la pembeni linalokaa kwenye /lib/modules na kupakiwa likihitajika. Pakiwa patupu, haipo kabisa.

Sasa fikiria. Draiva ya diski umeiweka M. Moduli yake iko kwenye /lib/modules. Hiyo /lib/modules iko kwenye diski. Na diski haisomeki mpaka draiva ipakiwe. Umefunga mlango, na ufunguo umeuacha juu ya kitanda.

Usambazaji kama Debian hutatua jambo hili kwa initramfs, kifurushi kidogo ambacho GRUB, programu inayoiwasha kerneli, inakipakia kwenye RAM pamoja na kerneli, ndani yake mna moduli za kutosha kuifikia diski. Ukiwa nacho, M si tatizo. Usipokuwa nacho, kila kitu kilichoko njiani kati ya kerneli na patisheni ya mzizi, yaani sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe, lazima kiwe nyota. Kila kitu, kikiwemo mfumo wa faili. Ukikosa kiungo kimoja hufiki.

Anza na mashine itakayoitumia

Nilichopaswa kufanya tangu mwanzo ni kukaa mbele ya kompyuta ya shule, ikiwa imewaka na kerneli yake ya zamani, na kuiuliza:

lspci -nnk

Humo unatafuta kifaa kinachoongoza diski. Kikiandikwa SATA controller na namba [0106], ni AHCI, mtindo wa kisasa wa kuongoza diski za SATA. IDE interface [0101] ni mtindo wa zamani. Non-Volatile memory controller [0108] ni NVMe. RAID bus controller [0104] ukikutana nayo kwenye laptopu, shuka chini nitakueleza. Mstari wa "Kernel driver in use" unakupa jina la draiva: ahci, ata_piix, nvme. Kisha:

lsblk -o NAME,TRAN,FSTYPE,PARTUUID

Safu ya TRAN inakuambia diski imeunganishwa kwa njia gani, FSTYPE inakuambia mfumo wa faili, na PARTUUID, namba ya utambulisho ya patisheni, iandike pembeni, tutaihitaji.

Halafu chomeka kila kitu ambacho watu wa pale hutumia. Flashi, kadi ya kamera, diski ya nje, kibodi yenyewe ya USB. Vikiwa vimechomekwa na vimefunguka, chukua orodha ya moduli pamoja na faili la mipangilio:

lsmod > skuli.txt
cp /boot/config-$(uname -r) config-skuli

Mafaili hayo mawili unarudi nayo dukani. Ndani ya folda ya msimbo wa kerneli:

cp ../config-skuli .config
make LSMOD=../skuli.txt localyesconfig

Hapo amri ile ile iliyoniaibisha inafanya kazi yake sawasawa, kwa kuwa inasoma orodha ya mashine husika. Kuna jambo moja la kuangalia: localyesconfig inaingiza ndani hata draiva za Wi-Fi na za kadi ya picha, na nyingi ya hizo zinataka faili la fimwea (programu ya ndani ya kifaa) kutoka /lib/firmware, yaani kutoka kwenye diski ambayo bado haijafunguliwa. Hizo zirudishe ziwe M. Zenyewe zinaweza kusubiri.

Ndani ya menyu

Kwenye Debian unahitaji kwanza build-essential, flex, bison, bc, libssl-dev, libelf-dev na libncurses-dev. Kisha make menuconfig, na menyu ya buluu inafunguka. Usianze kuzunguka humo kama mtu aliyepotea Kariakoo. Bonyeza alama ya mkwaju, / , andika jina, nayo itakuonyesha njia na masharti yake.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na hapa nitakaa kidogo.

Niliporudi dukani siku ile, kwa haraka na kwa hasira, nilitafuta SATA_AHCI, nikaiwekea nyota, nikajenga upya, nikaenda. Nikawasha mashine ya kwanza. Ikaganda palepale, unknown-block(0,0) ile ile. Mwalimu amesimama nyuma yangu hasemi kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Nikasogeza macho juu ya kioo, nikasoma polepole:

ata1: SATA link up 3.0 Gbps (SStatus 123 SControl 300)

Waya uko hai. Chini kidogo, mstari unaoanza na scsi 0:0:0:0: Direct-Access ATA, pamoja na jina la diski. Kwa hiyo kerneli imeiona diski na inajua hata jina lake! Kilichokosekana ni mstari unaofuata, ule unaoanza na sd 0:0:0:0: [sda]. Haukuwepo.

Ni kwamba kwenye Linux, diski ya SATA hupita ngazi tatu. Ya kwanza ni draiva ya chipu iliyoko kwenye mazabodi: ahci. Ya pili ni libata, inayoipokea diski na kuikabidhi kwa tabaka la SCSI kana kwamba ni diski ya SCSI. Ya tatu ni sd, ndiyo inayoigeuza kuwa /dev/sda. Ukiwasha ATA, menyu inakuwashia SCSI yenyewe bila kukuuliza. Lakini sd haiwashi. Laptopu yangu haikuwa na flashi wakati ule, kwa hiyo sd nayo ilifutwa kwenye orodha, na mimi sikuirudisha.

Kwa diski ya SATA basi, hakikisha hizi zote zina nyota:

Device Drivers, halafu SCSI device support: yenyewe, pamoja na SCSI disk support, BLK_DEV_SD.
Device Drivers, halafu Serial ATA and Parallel ATA drivers: yenyewe, pamoja na AHCI SATA support, SATA_AHCI.
File systems: The Extended 4 filesystem, EXT4_FS, au XFS au Btrfs kama ndiyo uliyotumia.

Ukiona nyota inakataa na inakwenda M tu, tazama mzazi wake. SCSI ikiwa M, sd haiwezi kuwa nyota. Mtoto hampiti mzazi. Panda juu, mpe mzazi nyota kwanza.

Aina za patisheni, GPT na ile ya DOS, huwa zimo tayari isipokuwa mtu amefungua Advanced partition selection na kuzichokonoa. Ziache. DEVTMPFS na DEVTMPFS_MOUNT ziwashe. Kwa ext2 na ext3 usitafute draiva zake. Ya ext3 iliondolewa kwenye toleo la 4.3 mwaka 2015, na ext4 inazisoma zote mbili. Vilevile maelezo ya zamani yanayokuambia uwashe menyu ya IDE yameshapitwa, menyu hiyo iliondolewa toleo la 5.14 mwaka 2021 na kazi yake yote inafanywa na libata.

NVMe ni rahisi kuliko zote, haipiti SCSI wala nini: NVM Express block devices, BLK_DEV_NVME, nyota moja umemaliza. Isipokuwa kwenye laptopu za Intel za miaka ya karibuni, ambazo diski ya NVMe hujificha nyuma ya kitu kinachoitwa VMD. Ndiyo hiyo RAID bus controller niliyoitaja. Washa CONFIG_VMD, au izime VMD kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka. Ila kama mashine ina Windows pia, usibadilishe BIOS kiholela: Windows iliyosakinishwa kwa hali moja inaweza kugoma kuwaka kwa hali nyingine, na mteja hatakuelewa.

Nikishamaliza huwa siamini macho yangu. Nahakiki kwa grep:

grep -E 'CONFIG_(SCSI|BLK_DEV_SD|ATA|SATA_AHCI|EXT4_FS)=' .config

Lazima yatoke majibu matano, yote yanaishia na =y. Yakitoka manne, hesabu ni ndogo, tafuta la tano. Kuna pia scripts/config ya kubadilisha mipangilio bila kufungua menyu, lakini haichunguzi masharti ya wazazi, kwa hiyo kila ukiitumia malizia na make olddefconfig kisha rudia grep.

Kujenga

Kwenye General setup weka LOCALVERSION yako. Mimi niliweka -skuli2. Bila hivyo unaweza kufuta moduli za kerneli ya zamani, na hiyo ya zamani ndiyo itakayokuokoa kwenye menyu ya GRUB. Usiiondoe mpaka mpya ikae wiki nzima. Zima pia taarifa za debagi kwa kuchagua DEBUG_INFO_NONE, la sivyo folda itajaa mpaka diski yako mwenyewe ilalamike. Kama umeanza na mipangilio ya Debian na ujenzi ukakwama ukidai cheti, ni SYSTEM_TRUSTED_KEYS. Iache iwe tupu.

make -j$(nproc)

Umeme ulikatika katikati ya ujenzi wangu wa pili, na betri ya laptopu hiyo ilishakufa siku nyingi. Ukirudi, endesha make tena, itaendelea ilipoishia. Ila mafaili yaliyokuwa yanaandikwa umeme ukikatika yanaweza kubaki na ukubwa wa sifuri, na make ikadhani yamekamilika. Yafagie kwanza:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kerneli yenyewe ni arch/x86/boot/bzImage. Zile moduli chache ulizoacha M zifungashe pamoja nayo, make bindeb-pkg inakutolea kifurushi cha .deb. Kwa mashine isiyo na initramfs, kwenye mstari wa GRUB tumia root=PARTUUID= na ile namba uliyoandika pembeni. Usitumie root=UUID=. Hiyo UUID imo ndani ya mfumo wa faili, na kerneli peke yake haiisomi. Kazi hiyo hufanywa na initramfs. Na kama mzizi uko kwenye flashi, diski ya USB au kadi ya SD, ongeza rootwait, maana vifaa hivyo huchelewa kuamka na kerneli haina subira.

Kioo kikiganda, kisome

Ukiona unknown-block(0,0), kerneli haikuipata diski uliyoitaja. Ama draiva haipo, ama jina la root umelikosea. Juu kidogo huwa imeorodhesha patisheni ilizoziona. Orodha ikiwa tupu, ni draiva. Ikiwa na kitu, mfano 0800 244198584 sda, hiyo ni diski ya GB 250 imehesabiwa kwa kilobaiti, diski inaonekana, shida ni jina.

Ukiona unknown-block(8,1), nafuu. 8 ni diski za sd, 1 ni patisheni ya kwanza. Diski imepatikana, kilichokosekana ni mfumo wa faili. Kadi za SD ni 179 na NVMe huonekana kwa 259.

Na ukidondoshwa kwenye mstari wa (initramfs) baada ya onyo kwamba UUID fulani haipo, ujue initramfs imepakiwa lakini ndani yake hamna moduli ya diski yako. Andika cat /proc/partitions uhakikishe.

Mashine ya tisa

Niliporekebisha yote, mashine kumi na moja ziliwaka. Ya tisa ikagoma. Modeli ile ile, diski ile ile, kerneli ile ile. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha tundu, nikahamisha diski kwenye jirani yake, ikasoma. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyegundua. "Dada, hii saa yake inasema mwaka mwingine kabisa."

Betri ya saa, CR2032, ilikuwa imekufa. Kila ikichomolewa umeme BIOS inasahau mipangilio na kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye mashine zile hali ya kiwandani ya SATA haikuwa AHCI bali ile ya kuigiza IDE. lspci ikaonyesha [0101] badala ya [0106]. Draiva ya ahci haina kazi hapo, anayetakiwa ni ata_piix.

Betri tuliibadilisha. Lakini betri nyingine kumi na moja zina umri ule ule, kwa hiyo nikaweka nyota kwenye ATA_PIIX pia, ambayo huonekana tu ukiwa umewasha ATA SFF na BMDMA zilizo juu yake. Inaongeza uzito kidogo sana, na inaniokoa nauli.

Flashi za wanafunzi

Washa USB_STORAGE na USB_XHCI_HCD au USB_EHCI_HCD kutegemea umri wa mashine; hizi zinaweza kuwa M kama mzizi hauko kwenye USB. USB_UAS kwa diski za nje za kisasa. Flashi nayo inapita kwenye sd, kwa hiyo ukishamaliza ngazi zile tatu nusu ya kazi imeisha.

Mifumo ya faili ya flashi ni VFAT, exFAT iliyomo tangu toleo la 5.7 la mwaka 2020, na NTFS3 tangu 5.15 la mwaka 2021. Wanaokuletea sinema na harusi huja na exFAT, usiiache. Kwa VFAT kuna mtego: flashi inaonekana, patisheni inaonekana, ukiifungua inakataa, na dmesg, amri inayoonyesha maneno ya kerneli, inasema IO charset iso8859-1 not found. Hiyo si flashi mbovu. Nenda File systems, Native language support, weka NLS_CODEPAGE_437 na NLS_ISO8859_1. Nimewahi kumwambia mtu anunue flashi mpya kwa sababu hiyo. Sikumrudishia hela yake, na bado ananidai radhi.

Jaribu kabla ya kupanda bodaboda

Siku hizi siendi kwa mteja kabla ya kuijaribu kerneli kwenye QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima. Natengeneza diski ya bandia, tupu:

truncate -s 1G jaribio.img
mkfs.ext4 jaribio.img
qemu-system-x86_64 -M q35 -m 2G -kernel arch/x86/boot/bzImage -drive file=jaribio.img,format=raw -append "root=/dev/sda ro"

Mashine ya q35 inaiunganisha diski kwa AHCI. Kisha narudia, badala ya q35 naandika pc, hapo diski inaunganishwa kwa mtindo wa PIIX, yaani nimejaribu mashine ya tisa nikiwa nimekaa. Mara zote mbili kerneli itaanguka, kwa kuwa diski ni tupu, haina programu ya kuanzia. Lakini kabla ya kuanguka iandike VFS: Mounted root (ext4 filesystem), na anguko lenyewe liwe No working init found. Nikiliona mara mbili, naweka flashi mfukoni nampigia mwalimu.